Jumanne za Chumba cha Barafu

Jumanne, 23 Aprili 2024

Leo sipiki cha maana. Mihogo ya mchana ipo, chai ipo, inatosha. Saa moja kamili tamthilia ya Chumba cha Barafu inaanza na mimi siwezi kukosa hata dakika moja kwa sababu ya wali.

Yahya kaswali magharibi hapa hapa nyumbani, kwenye kiti chake, maana goti halikunji tena. Rakaa zenyewe za haraka mpaka nikamuuliza, mume wangu, umeswali au umekimbia? Hakucheka. Zamani angecheka.

Sehemu ya leo — jamani! Yule mlinzi wa daraja niliyekuwa na uhakika naye kakutwa amekufa ndani ya friji la samaki. Nilipiga kelele mpaka Mwanahija, jirani yangu, akaitikia kwa kelele yake dirishani. Mtaa mzima unatazama. Wasio na televisheni wanakwenda na vigoda vyao kwa Mwanahija. Waturuki hawa wamewekewa sauti za Kiswahili, Inspekta Nermin anaongea kama binti wa Sinza, lakini akiingia kile chumba baridi cha maiti na kusema neno lake la kila wiki, "Mfunueni," mwili wangu wote unasisimka. Wanafunua. Anatazama kidogo tu. Anajua!

Sheria yetu mimi na Yahya ni ile ile. Kila mtu na mshukiwa wake moyoni, hakuna kusema mpaka siku ya sehemu ya mwisho. Kabla haijaanza tunanong'onezana. Tamthilia zilizopita kanishinda zote. Hii namshinda. Nilimwambia Mwanahija kwamba sisi hatukujaaliwa mtoto, tumejaaliwa televisheni. Akasema astaghfirullah, Saida, nawe ulimi wako!

Jumapili, 5 Mei 2024

Mvua tangu alfajiri. Mtoro kaja kutoka Mkange, kaloa chapa. Huyu ni mdogo wake Yahya, anakaa na mkewe karibu na shamba letu. Wamezungumza uani, nami nikaacha kukuna nazi ili nisikie.

Mtoro anasema kaka asiende tena shamba peke yake. Akae mjini, shamba atalitazama yeye. Yahya kafoka — Yahya, mtu asiyefoka hata mbuzi akila nguo! Shamba langu, mikorosho nimeipanda kwa mkono wangu, nitakwenda nitakapo. Mtoro kaondoka bila kunywa chai.

Nikamwambia Yahya, huyo analitaka shamba lako. Kala vijiko viwili vya wali, kasogeza sahani. Siku hizi hali. Wala halali, anasema usingizi umemhama. Nimemwambia aende hospitali, anasema hakuna kinachouma.

Jumanne, 7 Mei 2024

Nimekasirika kweli kweli!

Tuko katikati ya Chumba cha Barafu, matangazo ya sabuni yameingia, Yahya ananigeukia na kusema, "Ni Daktari Kadir." Nikadhani ananionyesha mtu. "Muuaji," anasema. "Ni yule daktari anayempasulia Nermin maiti. Nakwambia leo."

Sehemu nane bado! Nikamwambia umevunja sheria, umeniharibia, kwani ungenyamaza ungepungukiwa na nini? Akasema, "Basi tu, Saida. Nilitaka ujue." Akanishika kisigino, mzaha wake wa tangu ujana. Nikavuta mguu.

Sehemu yote iliyobaki nimeitazama nimenuna. Kesho anakwenda Mkange kupalilia. Na aende.

Jumapili, 12 Mei 2024

Yahya amekufa.

Naandika nione kama maandishi yatakataa. Hayakukataa.

Ilikuwa Alhamisi. Baada ya adhuhuri pikapu ikasimama mlangoni, Mtoro kashuka, nyuma kuna mtu kazungushiwa vitenge vya mke wa Mtoro. Kasema kaka alipanda mnazi kuangua dafu akaanguka. Basi. Alasiri Yahya alikuwa ameshazikwa. Mtu niliyeishi naye miaka yote hii, na msiba wake haukuchukua muda wa kupika pilau ya arusi.

Walioosha ni wawili tu, Mtoro na Mzee Shuaibu, muosha maiti wa mtaa wetu. Mlango umefungwa kwa ndani. Ndugu wengine walitaka kuingia kusaidia kama ilivyo kawaida, wakaambiwa chumba kidogo. Nilipoitwa kumuaga walimfunua mpaka kidevuni. Nilitaka kumwona vizuri, hata mabega. Mtoro alikuwa kaishika sanda pale chini ya kidevu na hakuiachia. "Inatosha, shemeji," kasema. "Inatosha."

Sasa niko kwenye eda. Sitoki. Wanaume wasio ndugu zangu hawanioni. Wanawake wa msiba wameifunika televisheni kwa shuka.

Jumanne, 21 Mei 2024

Saa moja nilikuwa kitandani nimegeukia ukuta. Nikasikia muziki wa mwanzo kutoka kwa Mwanahija. Kapunguza sauti, najua ni kwa heshima yangu, ila dirisha lake linatazamana na langu.

Halafu ile sauti. "Mfunueni."

Nikalia. Sikulia hivyo hata pikapu ilipofika. Nililia kwa sababu wangu sikumfunua. Nilifunuliwa uso tu, nikaambiwa inatosha, na mimi nikakubali kama mtoto.

Mwanahija kaja baadaye kunihadithia sehemu nzima. Nermin kamkamata msaidizi wa waziri, lakini si yeye. Nilimsikiliza. Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Jumatatu, 3 Juni 2024

Goti!

Nilikuwa nafagia chumba nikakiona kiti chake cha kuswalia. Mtu asiyeweza kusujudu — kapandaje mnazi? Shambani kuna mkwezi, Yahya humwita kila mara. Miaka mingi hajapanda hata ngazi ya kubadilishia taa. Taa napanda mimi!

Nimekaa chini hapo hapo na ufagio mkononi. Mtoro kanidanganya.

Mchana alikuja, kaleta unga na samaki. Kila wiki analeta, nami nilikuwa namshukuru. Nilijikaza nikamuuliza kupitia pazia, shemeji, Yahya alipandaje mnazi na goti lile? Akasema alitamani dafu. Nikauliza, mkwezi alikuwa wapi? Akasema ni kudra ya Mungu, shemeji, tumshukuru. Akaondoka mbio mpaka akasahau ndoo yake.

Nimemwambia Mwanahija. Macho yakamtoka. Akasema, shoga, huyu angekuwa kwenye Chumba cha Barafu tungeshamkamata sehemu ya pili.

Jumanne, 11 Juni 2024

Nimelitoa shuka. Natazama bila sauti. Mwenye kunihukumu na anihukumu. Midomo ya Nermin nimeshaizoea, najua anasema nini.

Naye ameniingia kichwani, wala sijali. Anauliza maswali mawili tu, nani alifaidika, na nani alikuwa na haraka. Nani alitaka shamba? Nani alizika kabla jua halijashuka?

Na leo nimepata la tatu. Mwanahija ana binamu anayeuza mkaa huko Mkange, kapita kumsalimia. Anasema siku ya pili baada ya maziko Mtoro alichukua shoka akaukata mkorosho mkubwa wa pembeni ya kibanda chetu. Mkorosho unaozaa! Kaukata, kaupasua, kauchoma moto mpaka kisiki. Watu wakamuuliza ana wazimu? Analia na kukata.

Mkulima gani anakata mkorosho unaozaa? Yahya aliupanda mwaka tuliooana. Kuna kitu alikuwa anakificha pale. Damu, au alama, sijui. Nermin angejua.

Namchukia. Naliandika wazi — namchukia Mtoro, na samaki zake nimempa paka.

Ijumaa, 21 Juni 2024

Nilimtuma Mwanahija amwite Mzee Shuaibu. Kaja baada ya swala ya Ijumaa, kakaa barazani, mimi ndani, pazia katikati.

Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, poleni bado. Nikamwambia sina maneno mengi. Wewe ulimwosha mume wangu. Uliona nini mwilini mwake?

Nilimsikia akihangaika na tasbihi. Akasema, "Mwanangu, nimewaosha watu wa mji huu tangu nikiwa kijana mpaka nimezeeka. Wazuri na wabaya. Sijamsema hata mmoja. Ninachokiona kwenye kitanda cha kuoshea kinakwenda na maji. Ukimsitiri maiti Mungu atakusitiri nawe."

Nikamwambia mzee, mimi ni mkewe! Na kama aliuawa? Unamsitiri maiti au unamsitiri aliyemuua?

Akalia. Mzee mzima yule, kwikwi kabisa. Nani analia hivyo kwa sababu ya mtu aliyeanguka mnazini? Akasema, "Muombee sana dua, mwanangu. Muombee kuliko unavyowaombea wengine." Akajikokota akaenda zake.

Kwa hiyo aliona kitu. Sasa nina hakika.

Jumatano, 26 Juni 2024

Nimepiga simu polisi.

Mwanahija alikuwa kanishika mkono. Kaja Afande Mikdad na askari wa kike, wakakaa sebuleni, nikajitanda vizuri nikasema yote. Goti. Mlango uliofungwa. Sanda iliyoshikwa. Mkorosho. Machozi ya Shuaibu. Ugomvi wa uani. Nilivyokuwa naeleza nilijisikia mtu, mara ya kwanza tangu Yahya aondoke. Afande akasema mama, umeeleza vizuri kuliko watu wengi wanaokuja kituoni.

Kaniuliza kama nitakubali kaburi lifukuliwe, daktari amwangalie. Wataomba kibali cha mahakama. Nikasema ndiyo. Nikatia saini.

Mfunueni.

Jumamosi, 29 Juni 2024

Wamemchukua Mtoro. Walimkuta anapalilia shamba la Yahya.

Afande kanipigia. Anasema Mtoro hasemi kitu. Walimtaka aonyeshe mnazi, akawaonyesha mnazi mfupi ambao mtu akianguka atateguka tu. Kuhusu mkorosho, kimya. Kuhusu mlango, kimya. Hata hajakana. Wamemweka ndani.

Kibali kimetoka. Watafukua Jumatano asubuhi.

Mtaa umechangamka kwa aibu. Wanawake wanakuja kunijulia hali, wengine sijawaona tangu hitma, wanauliza kwa kuzunguka zunguka. Mwanahija anawasimulia mlangoni, anajua kusimulia. Nimekula vizuri leo. Muhogo na samaki wa kukaanga.

Jumanne, 2 Julai 2024 — mchana

Sada kaja. Mke wa Mtoro. Nilijiandaa kwa matusi, nikawa na yangu tayari. Hakutukana. Kakaa mkekani, miguu ina vumbi la Mkange, macho yamevimba.

Kasema ametoka kumwona mumewe mahabusu. Mtoro kamtuma neno moja. "Anasema, dada, yeye wamfunge tu. Hata miaka mingapi. Lakini kaka asifukuliwe. Anakuomba kwa Mungu, kaka asifukuliwe."

Nikamwambia muuaji yeyote angesema hivyo. Akasema, "Mtoro? Amuue kaka?" Hakupandisha sauti. "Tangu Ramadhani alikuwa halali kwa ajili ya kaka. Alimfuata shamba kila alipokwenda. Siku ile moja tu alichelewa."

Alichelewa nini? Kaniambia, dada, mimi nimeapishwa. Akaaga.

Nimekasirika tena, ila hasira ya leo haikai vizuri. Jioni sehemu ya mwisho. Nimemwambia Mwanahija asije. Nataka kutazama peke yangu.

Jumanne hiyo hiyo

Ni Daktari Kadir.

Nilifungulia sauti. Ilipofika pale Nermin anageuka taratibu na kumwambia "ni wewe," niliruka mkekani nikapiga kofi, nikasema, Yahya! Umepatia!

Kiti chake kitupu.

Nikabaki nimesimama. Umepatia, lakini uliniambia mapema. Wewe ambaye sheria uliitunga mwenyewe. Wewe ambaye mwaka juzi nilikupigia magoti unitajie ukakataa. Kwa nini uliniambia zikiwa zimebaki sehemu nane?

Kwa sababu hukuwa na nia ya kuwepo.

Ewe Mola. Ewe Mola wangu.

Kalamu haitaki. Nitaandika. Yahya hakuanguka. Yahya hakuuawa. Yahya alijiua mwenyewe, pale kwenye mkorosho wake, na Mtoro alichelewa. Mtoro ndiye aliyemshusha. Ndiye aliyetunga mnazi kwa haraka bila kukumbuka goti, maana alikuwa hajui kusema uongo, hakuwahi. Akashika sanda chini ya kidevu ili nisione shingo. Akafunga mlango. Akaukata ule mti ili asiuone tena mtu yeyote, hasa mimi. Na Shuaibu akalia kwa sababu mimi nilikuwa nampigia kelele.

Alikuwa hali. Alikuwa halali. Hakucheka. Mimi nikamwambia ameswali mbio! Mimi niliyeona alama chini ya kucha za Waturuki.

Wangejua watu, nani angekuja kumzika? Wangekuja watatu. Imamu wetu angetafuta safari. Mpaka leo wangekuwa wanapita pale kaburini wakiharakisha. Ndiyo maana walimsitiri, na mimi nikawaita wauaji.

Nimempigia Afande Mikdad. Simu haipatikani. Nimepiga tena. Haipatikani.

Jumatano, 3 Julai 2024

Saa moja asubuhi Afande kapokea.

Nimemwambia nafuta maelezo yangu. Nilikosea. Mtoro hana hatia, mwachieni, na kaburi msiliguse. Kanisikiliza, mtu mstaarabu. Akasema, "Mama, hii si kesi yako tena, ni ya Jamhuri. Kibali kipo, daktari yuko njiani. Nikaisimamishe kwa kusema nini? Labda uniambie alikufaje."

Nikaishusha simu kifuani.

Nikisema, nimemfunua mimi mwenyewe kwa ulimi wangu, na maneno yataandikwa, na yatasomwa mbele ya hakimu, na kesho yatakuwa barazani kwa Mwanahija. Nikinyamaza, watachimba, daktari ataona shingo, watamfungulia hiyo sanda hadharani. Au hataona vizuri, miezi imeshapita, na Mtoro atabaki ndani kwa kosa la mauaji, naye hatasema. Namjua sasa. Hatasema mpaka afe.

Afande kasema atapita kunichukua nikaonyeshe kaburi, sheria inataka ndugu awepo. Mwenye eda hatoki, nikamwambia. Akasema kwa dharura hii masheikh wanaruhusu, ameshauliza.

Nimevaa baibui. Nimekaa kwenye kiti chake. Gari limefika, nasikia injini. Nimechungulia. Mtaa wote uko nje, wanawake na watoto, mpaka ng'ambo ya barabara. Mwanahija anawapanga, anawaambia acheni njia. Wengine wamekuja na vigoda vyao.

Afande anabisha hodi. Anasema mama, uko tayari? Anasema, kabla hatujaondoka, kuna lolote unataka kuniambia?

Kabisha tena. Mzee Shuaibu yupo pale ukutani, namwona kwenye upenyo wa pazia, kasimama peke yake na tasbihi yake, anatazama mlango wangu. Nimemwambia Afande lipo. Nimemwambia aingie peke yake, afunge mlango kwanza.